Nimeitwa kuigiza filamu ya mashabiki wa Star Trek hapa Mombasa, nami naishi kwa uigizaji. Nifanyeje?

BintiTudor

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Nina jambo limenikaa kifuani tangu Ijumaa, nikaona niwaulize nyinyi mnaozifuata hizi filamu za anga.

Mimi ni mwigizaji, ndiyo kazi yangu. Nilianza 2009 na kundi la vitabu teule. Tukizunguka shule kutoka Kwale hadi Malindi, asubuhi shule hii, alasiri ile, maleba yamejazwa kwenye magunia chini ya miguu yetu ndani ya matatu. Baadaye nikapata michezo ya redio. Sasa niko kwenye tamthilia moja ya televisheni, nacheza mama mkwe. Kodi ya nyumba inatoka hapo, karo ya wanangu wawili inatoka hapo.

Mwezi uliopita walinijia vijana wanne wa Kisauni. Wanatengeneza filamu ya mashabiki ndani ya ulimwengu wa Star Trek. Hadithi ni yao wenyewe, lakini meli, sare na nembo ni zile zile za Star Trek. Wanataka ifike dakika 40. Wananitaka niwe nahodha, mwanamke wa makamo aliyezaliwa Mvita karne ya 23, anayeisemesha meli yake kwa Kiswahili.

Nilikwenda kuwaona kwa heshima tu, maneno ya kukataa nimeshayapanga. Wamekodi ghala, ndani yake wamejenga chumba cha kuongozea meli kwa plaiwudi na mabati yaliyopigwa rangi ya fedha. Kiti cha nahodha kimetolewa kwenye matatu iliyokufa. Wamekipaka kijivu, lakini pale mkono unapolalia bado unaona uzi mwekundu wa yule fundi aliyekishona zamani. Nikakaa. Wakazima taa za ghala wakawasha zao, vitaa vidogo vya buluu vilivyochomekwa kwenye trei za mayai zilizopakwa rangi nyeusi. Kijana mmoja akasoma mstari wake, nami nikajikuta nimemjibu.

Katika mswada wao nahodha anaiambia meli "njoo". Nikawaambia mwanamke wa Mvita akiwa peke yake usiku hasemi hivyo, husema "ndoo". Wakaandika pale pale. Tukaenda hivyo, nchi ikawa nti, macho yakawa mato, mpaka saa nne za usiku. Miaka mingi sijapewa maneno ya nyumbani kwetu niyaseme mbele ya kamera. Kwenye tamthilia naambiwa niyanyooshe.

Sasa hofu yangu. Wanataka kuchangisha shilingi 800,000 mtandaoni na kwa M-Pesa. Bango la mchango wameshalichora na uso wangu ndio mkubwa kuliko kitu chochote hapo, umeizidi hata meli. Mimi wameniahidi 60,000.

Mwaka 2018 yalinifika kama haya haya. Kundi moja, sitalitaja, liliweka picha yangu kwenye bango, watu wakachanga, filamu haikutoka. Sikuishika pesa hata moja, lakini watu walimjua nani zaidi yangu? Siku moja soko la Kongowea, mama anayeniuzia mbatata alinipimia kilo mbili, akafunga mfuko, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ile filamu yetu imefika wapi?" Alikuwa ametoa mia tano. Nilimtolea zangu, akakataa kupokea, nikaziacha juu ya mizani nikaondoka. Ilinichukua wiki kadhaa kurudi kwenye meza yake.

Tena mkataba wangu wa tamthilia una kifungu kinachonizuia kuonekana kwenye filamu nyingine bila idhini ya maandishi. Na nimesikia huko Marekani waigizaji wakubwa waliingia kwenye filamu za namna hii zikaishia mahakamani. Nani anajua yaliyotokea? Wenye Star Trek wanaweza kutufika sisi huku? Na hiyo 60,000 niichukue au nisiichukue?

AmiMakupa

Waaleikum salaam dada yangu. Nimezifuata filamu hizi tangu enzi za kulipia saiba pale Digo Road usiku kucha ili kupakua kipindi kimoja, kwa hiyo nivumilie, jibu ni refu.

Kwanza ujue kwamba hapo mwanzo waigizaji wa kulipwa walikuwa ndio baraka ya filamu za mashabiki. Kulikuwa na kundi la New Voyages la James Cawley, mtu aliyejenga upya chumba cha Enterprise, ile meli ya Star Trek ya miaka ya sitini, kwa mapenzi yake. Mwaka 2006 Walter Koenig, aliyemcheza Chekov kwenye ile Star Trek ya asili, alikwenda kwao kumcheza tena. Mwaka uliofuata George Takei, Sulu wa ile ile ya asili, akaja kumcheza Sulu tena katika kipindi kilichoitwa "World Enough and Time". Sulu amekwama kwenye sayari miaka 30 na amezeeka huko. Takei alipewa pale nafasi ya kuigiza ambayo televisheni haikuwahi kumpa alipokuwa kijana, naye akaitendea haki. Kipindi kile, cha mashabiki, kiliteuliwa kuwania tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi, mwaka 2008. Wakati huo huo Tim Russ, naye mwigizaji wa Star Trek, aliongoza filamu ya mashabiki "Of Gods and Men", na Nichelle Nichols akarudi kuwa Uhura, yule afisa wa mawasiliano wa Enterprise. Wenye mali walikuwa wakiona yote hayo, wakanyamaza. Sharti halikuandikwa popote ila kila mtu alilijua: usipate faida.

Kilichobadilisha mambo ni Axanar, mradi mwingine wa filamu ya mashabiki. Mwaka 2014 Alec Peters na wenzake walitoa filamu ya utangulizi, kama dakika 20 hivi, imepangwa kama makala ya historia, watu wanakaa mbele ya kamera wakisimulia vita walivyopigana. Na tazama waliokaa pale: Richard Hatch wa Battlestar Galactica, Tony Todd, Kate Vernon, J.G. Hertzler aliyekuwa Martok kwenye Deep Space Nine, mfululizo mwingine wa Star Trek, na Gary Graham akimcheza Soval, mhusika yule yule aliyelipwa kumcheza kwenye televisheni. Mimi nilipoiona sikuamini kwamba ni ya mashabiki. Hatch akiwa kamanda wa Klingon, wale maadui wa vita hivyo, anazungumza polepole kama anayehesabu maiti, hakupandisha sauti hata mara moja. Niliirudia mara tatu usiku ule.

Hapo ndipo penye jambo lako. Watu walipoziona nyuso zile walifungua mifuko. Kwenye Kickstarter na Indiegogo, mitandao ya kuchangisha, mradi ule ulikusanya zaidi ya dola milioni 1. Ghala likakodiwa California likafanywa studio. Tarehe 29 Desemba 2015 Paramount na CBS, wenye Star Trek, wakashtaki. Axanar wakajitetea kwamba ni matumizi halali ya kazi ya mtu, na mwanzoni mwa Januari 2017 Jaji R. Gary Klausner akaukataa utetezi huo. Tarehe 20 mwezi huo wakapatana nje ya mahakama. Filamu ndefu waliyoiahidi wachangiaji ikakatwa iwe vipande viwili vya dakika 15 kila kimoja. Richard Hatch alifariki tarehe 7 Februari 2017, wiki tatu hazijatimia tangu suluhu.

Kesi ikiwa bado mahakamani, Juni 2016, wenye mali walitoa kanuni. Ukizifuata hawakugusi. Hadithi moja isizidi dakika 15, au vipande viwili visivyozidi 30 kwa jumla, na isiwe na mwendelezo. Mchango usizidi dola 50,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 6 zetu, hapo vijana wako wako salama. Itazamwe bure. Sare na vifaa vinavyouzwa madukani viwe vya asili, visiwe nakala bandia. Na kanuni inayokuhusu wewe: washiriki wote wawe wa ridhaa, wasilipwe, na asiwepo aliyewahi kuajiriwa kwenye kazi yoyote ya Star Trek.

Kwa hiyo leo George Takei hawezi kumrudia Sulu kwenye ghala la mashabiki. Mlango ule umefungwa, na mimi mpaka kesho naona wamefunga mlango mzuri kuliko yote waliyokuwa nayo.

Kwako wewe: dakika 40 haziruhusiwi. Elfu 60 hairuhusiwi. Na neno "ridhaa", wewe mwenye miaka yote hiyo kazini, ukilisoma kama lilivyo, hata ukicheza bure linakugusa. Kutufika huku wanaweza pia. Kenya imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa hakimiliki, tangu 1993, na hawahitaji hata kupanda ndege. Wakilalamika tu, video inashushwa.

Mtongwe_Asubuhi

Naongezea dogo. Mwaka 2015 kulitoka filamu fupi ya mashabiki ya Power Rangers, ya Joseph Kahn, ina waigizaji wenye majina, Katee Sackhoff na James Van Der Beek, imejaa damu. Ilishushwa mtandaoni, siku chache baadaye ikarudishwa baada ya kuelewana, imewekewa tahadhari kwamba si ya watoto. Tofauti yake na Axanar ni kwamba Kahn alitumia pesa zake na hakumchangisha mtu. Kwa hiyo dada, mwigizaji mwenye jina peke yake hakuleta kesi. Jina na bakuli la mchango pamoja ndivyo vilivyoleta.

Sitaha_Kisauni

Shikamoo mama. Mimi ni mmoja wa wale wanne, yule aliyesoma mstari siku ile. Nimeona maneno yako nikatambua kiti.

Kwanza naomba radhi kwa bango. Hatukukuuliza, tulichora kwa furaha. Lile jambo la 2018 hatukulijua, wallahi.

Lakini naomba Ami anisikilize na mimi. Anasema Star Trek ina wenyewe, sawa. Jina la Uhura limetoka wapi? Limetoka kwenye uhuru, neno hili hili. Kipindi cha kwanza kabisa cha Star Trek kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, mna mtu anamsimamisha Uhura kwenye ujia wa meli na kumsemesha Kiswahili. Kipindi cha kwanza! Babangu alikuwa na kanda yake. Nilikuwa na miaka minane, nikamuuliza kwa nini yule mama wa angani anajua lugha yetu. Akanijibu, kwani sisi tutabaki wapi watu wakienda huko?

Tangu siku ile nimengoja mtu aendeleze mazungumzo yale, aseme Kiswahili chenyewe, cha mtu aliyezaliwa nacho, kwenye kiti cha nahodha. Hakuna aliyefanya. Ndiyo maana sikutaka kubuni ulimwengu mwingine. Nilitaka turudi pale pale kwenye ujia ule tumjibu.

Pesa tutakata, dakika tutapunguza. Wewe usituache.

Mwalimu_Jukwaani

BintiTudor mwanangu, nadhani nakujua kwa sauti ya maandishi yako, na kama ni wewe basi ulishawahi kulia kwenye jukwaa langu ukiwa na joto la homa na hukukosa mstari. Nitasema kwa ufupi.

Huyu kijana ana haki ya moyo wake. Maneno aliyoyaandika ni mazito na asiyadharau mtu. Lakini asichanganye vitu viwili. Neno ni letu, hakuna wa kutunyang'anya uhuru wala ndoo. Ile nembo ya kifuani na jina la lile shirika lao la anga vina wenyewe. Sasa mwanangu niulize mimi: siku ulipokaa kwenye kile kiti ukaona usingizi umekuruka, ni nembo iliyokufanya hivyo? Umetuandikia kwa mkono wako. Umetaja uzi mwekundu, umetaja trei za mayai, umetaja nti na mato. Nembo umeitaja mara moja tu, ulipokuwa ukieleza kazi yenyewe ni ipi.

Walikuwepo wengine waliopita njia hii. Kundi la Renegades, nalo la filamu za mashabiki wa Star Trek, lilikuwa na Walter Koenig na Tim Russ, waigizaji ambao kanuni zile za 2016 ziliwafungia nje kabisa. Walifanya nini? Waliondoa kila kilicho cha Star Trek kwenye kazi yao, majina, nembo, vyote, wakaendelea na waigizaji wao. Walichagua kumbakiza mwigizaji wakaacha nembo. Mimi ningechagua hivyo hivyo kila siku ya Mungu.

Mkifanya ya kwenu, unaweza kulipwa bila kuinamisha kichwa, na ulipwe. Usiwazoeshe vijana kwamba mwenye kazi yake hufanya bure kwa sababu anapenda. Nimeona waigizaji wazuri wa mji huu wakizikwa kwa mchango wa majirani baada ya miaka 30 ya "tusaidie tu leo". Hilo huniuma na sitaacha kulisema.

La pesa: akaunti iwe na watu watatu wa kuidhinisha, mmoja awe nje ya kundi. Uso wako usitangulie kwenye bango kabla kuna kitu cha kuonyesha. Mwajiri wako mwandikie barua kabla hujavaa sare yoyote, na nakala yako igongwe muhuri. Vibali vya kupigia picha vinatakiwa kwa mujibu wa Sura ya 222, sheria yetu ya filamu na michezo ya jukwaani, na mkitaka Fort Jesus, hiyo iko chini ya Makumbusho ya Taifa, wana utaratibu wao. Msiende na kamera mkidhani ni uwanja wa mpira.

AmiMakupa

Mwalimu umenizidi. Nyongeza moja kwa kijana: kama mnatafuta sayari, nendeni Nyari kule Marafa saa kumi na moja jioni, mabonde yale mekundu na meupe. Hamtahitaji kupaka rangi chochote.

BintiTudor

Mwalimu, ndiye mimi. Ilikuwa malaria, na wewe ndiye uliyenishikia ndoo nyuma ya pazia. Shikamoo.

Nawapa habari kwa sababu mlinijibu kama ndugu. Jumapili tulikaa ghalani sote watano kutoka saa nane mpaka magharibi. Haikuwa rahisi. Niliwasomea kanuni zile moja moja, na tulipofika kwenye neno ridhaa kijana mmoja alisimama akatoka nje. Si yule aliyeandika hapa, ni yule wa sare. Alikuwa ameshashona nne kwa mkono wake mwenyewe, na moja ilikuwa yangu, amenitilia mikono mirefu na shingo ya kunisitiri bila kuambiwa. Nilimfuata. Nikamwambia hii naivaa, tena naivaa mbele ya kamera, lakini nembo tuibandue. Alikaa kimya kitambo, akaingia ndani akachukua wembe, akaifumua uzi kwa uzi ili asitoboe kitambaa. Hakumruhusu mtu amsaidie. Ilimchukua muda mrefu na sote tulikuwa tunamtazama.

Kwa hiyo Star Trek imetoka. Meli ina jina jipya, wameipa jina la jahazi la babu wa mmoja wao. Lile swali la kwenye ujia wa meli limebaki, kwa sababu kijana hakukubali kuliacha na mimi sikumlazimisha. Mtu anamsimamisha nahodha, anamsemesha Kiswahili, na nahodha anajibu. Neno ni letu kama ulivyosema Mwalimu. Dakika 40 zimekuwa 22, na hadithi imepona kwa kukatwa; mna vita viwili vimetoka ambavyo vilikuwa kelele tu.

Mchango hauanzi mpaka tuwe na dakika tatu zilizokamilika za kuonyesha watu. Bango jipya lina kiti, kiti peke yake, na ule uzi mwekundu unaonekana. Akaunti ina majina matatu, la tatu ni la mwalimu mstaafu wa msikiti wa mtaani kwao. Elfu 60 tumepatana nizipate kama kazi nyingine yoyote, nusu kabla na nusu baada, kwa karatasi, na kama mchango hautafika basi hatuanzi. Barua ya tamthilia niliipeleka Jumanne, nakala yangu ina muhuri. Jibu bado. Wakikataa, nahodha atachezwa na mwingine na mimi nitamfundisha matamshi. Nimeshawaambia hilo na limenichoma kulisema.

Jana nilipita Kongowea. Yule mama wa mbatata nilimweleza yote mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Akaniuliza, "Hii nayo ina mchango?" Nikamwambia itakuwa nao, lakini yeye asitoe mpaka nimletee simu aone. Akasema nimletee basi, na akanipimia.

Ombi moja: tunatafuta fundi wa cherehani mwenye subira, sare mbili zilizobaki, rangi ya bahari ya asubuhi, na asiwe wa mbali na Kisauni. Mazoezi ni Jumamosi baada ya alasiri.